Jogoo wa saa saba usiku

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikuja kwa ugomvi, nimekuja kuuliza tu. Ile taa yenu mnaizima saa ngapi?"

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mimi nimeinama naosha pikipiki, mama jirani kasimama getini, kanga begani. Nikamwambia ile haizimwi mama, inajiwasha yenyewe magharibi na kujizima kukikucha. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la kitu alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Akasema, "Basi ndiyo maana. Jogoo wangu siku hizi anawika saa saba usiku."

Akaaga, akaondoka.

Nilimaliza kuosha pikipiki, nikamsimulia mke wangu, tukacheka kidogo, ikaisha. Nilidhani imeisha. Sasa ni wiki kama kumi na ile sentensi haijanitoka kichwani, na ndiyo maana nakaa kuandika hii.

Kwa nini niliiweka

Mwezi wa tisa waliruka ukuta wakachukua pampu ya maji. Hawakuvunja mlango wala hawakumgusa mtu, walifungua nati nne wakaondoka na pampu na kipande cha bomba, sisi tumelala. Asubuhi mke wangu akafungua koki ya jikoni, ikatoa hewa tu. Tangu siku hiyo akawa anaamka usiku, anasimama dirishani anasikiliza. Na mimi nikimwona kasimama usingizi unakata.

Wiki ileile nikavuka kwenda Kariakoo. Dukani nikaambiwa chukua hii kaka, LED wati 100, nyeupe, mwizi akiiona anarudi alikotoka. Fundi akaifunga juu kabisa kwenye kona ya nyumba, akaielekeza mbele. Usiku wa kwanza tulitoka wote kuiangalia. Uwanja mzima mweupe, unaweza kuokota sindano. Mke wangu alilala hadi asubuhi, mara ya kwanza tangu pampu iibwe, na kwa hilo tu niliona hela yangu imerudi.

Sikuwahi kujiuliza ule mwanga unaishia wapi.

Upande wa pili wa ukuta

Siku mbili baada ya mama jirani kuja, saa sita na nusu usiku, nilitoka nikazunguka nikaenda kusimama upande wake. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nadhani nilitaka kuhakikisha kwamba anatia chumvi.

Banda lake la kuku limeegemea ukuta wa pamoja, ni mabanzi na wavu, na mwanga wangu ulikuwa unapita juu ya ukuta unaingia moja kwa moja kwenye wavu. Kuku wanaonekana mmoja mmoja, hadi macho yao. Jogoo kasimama. Saa sita na nusu usiku jogoo kasimama wima, anageuza shingo huku na huku kama anasubiri mtu.

Kisha nikaliona dirisha.

Dirisha la chumba anacholala lilikuwa limefunikwa kwa ndani. Pazia, juu ya pazia kanga mbili, na juu ya kanga blanketi, lile la mistari, limebanwa juu na misumari. Huo ni mwezi wa kumi na moja, Dar es Salaam. Wanaoishi hapa wanajua usiku wa mwezi wa kumi na moja ukoje, unalala madirisha wazi, feni inazunguka, na bado unageuza mto kutafuta upande wa baridi. Yule mama alikuwa amejifungia hewa kwa blanketi ili apate giza.

Na alipokuja kwangu hakusema habari ya dirisha. Alisema habari ya jogoo.

Nilirudi ndani nikakaa kitandani muda mrefu. Mke wangu akaniuliza vipi, nikamwambia hamna kitu.

Kuku wa mayai

Kuna jambo ambalo mfugaji yeyote wa kuku wa mayai hapa mjini anakufahamisha bila kufikiria mara mbili. Kuku anayetaga anatakiwa apate mwanga kama saa 16 kwa siku. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linatupa kama saa 12 tu mwaka mzima, kwa hiyo hizo saa nne zilizobaki mfugaji anaziongeza kwa balbu. Ukipunguza mwanga mayai yanapungua. Hakuna dawa hapo, wala sindano, ni balbu tu. Mwanga unaingia machoni na kichwani mwa kuku, mwili unaambiwa siku ni ndefu, mwili unatii.

Nimekulia kwenye nyumba iliyofuga, nimewasha hizo balbu kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuunganisha mambo. Kama balbu moja inaweza kuubadilisha mwili wa kuku hadi utage zaidi, kwa nini nilidhani taa ya wati 100 inayowaka usiku kucha nje ya dirisha la mtu haimfanyi kitu?

Nikaanza kusoma. Kumbe ndani ya jicho la binadamu kuna chembe ambazo kazi yake kubwa siyo kutuonyesha vitu, kazi yake ni kuuambia ubongo sasa ni mchana, sasa ni usiku. Na chembe hizo zinashtuka zaidi na mwanga wenye bluu ndani yake. Giza likiingia mwili unatoa homoni inaitwa melatonini, ndiyo inayoweka sawa ratiba ya usiku, joto la mwili linashuka, usingizi unakuja. Mwanga ukikupiga usiku, hasa huo wenye bluu, melatonini inapungua au inachelewa.

Taa nyeupe sana za LED zina bluu nyingi. Nikavuta boksi la taa yangu uvunguni nikalisoma upya. Limeandikwa 6500K. Hiyo namba inaeleza rangi ya mwanga, kadiri inavyopanda ndivyo mwanga unavyokuwa mweupe wa kuelekea bluu, ikishuka unakuwa wa njano. Chama cha madaktari wa Marekani mwaka 2016 kilishauri taa za nje zisizidi 3000K. Yangu ilikuwa zaidi ya mara mbili.

Sisemi taa yangu imempa mtu ugonjwa. Nisieleweke vibaya. Lakini shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka kazi za zamu ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinachangia saratani, hiyo ni 2007, na 2019 wakapitia ushahidi upya wakaiacha palepale. Kazi ya usiku ina mambo mengi ndani yake, kukosa usingizi, kula ovyo, lakini mwanga wa usiku ni mmoja wa watuhumiwa wakubwa. Nesi anayekesha wodini anafanya hivyo kwa sababu kuna mgonjwa. Yule mama anakesha kwa sababu gani? Kwa sababu pampu yangu iliibwa.

Taa inaita

Baada ya hapo nikawa naitazama ile taa kila usiku. Msimu wa kumbikumbi ulikuwa umefika, mvua za vuli, na jioni moja baada ya mvua walikuja wengi mno, nikavuta kiti nikakaa kuangalia. Siku zote tunasema wadudu wanapenda taa. Ukikaa karibu unaona siyo kupenda. Wanazunguka, wanapinduka, wanajigonga, kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Kuna utafiti ulitoka 2024, watu waliwarekodi wadudu kwa kamera za kasi, wakagundua kwamba mdudu akiruka usiku huwa anaugeuza mgongo kuelekea upande wenye mwanga zaidi, maana tangu dunia iumbwe upande wenye mwanga zaidi usiku ni juu, angani. Akija kwenye taa anaigeuzia mgongo, hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi, anabaki anaizunguka hadi achoke. Asubuhi nilifagia kizoleo kizima cha mbawa na miili. Mijusi kafiri kwenye ukuta wangu ilikuwa imenenepa hadi inatembea kwa shida.

Halafu nikajiuliza, kwani hili jambo ni geni kwetu?

Nenda Bukoba msimu wa senene, au ng'ambo kule Masaka. Watu wanasimamisha mabati yanayong'aa, chini wanaweka mapipa, juu taa kali kuliko hii yangu. Senene wanakuja kwa maelfu, wanagonga bati, wanateleza hadi ndani ya pipa. Nenda Ziwa Victoria, nenda Tanganyika, nenda hapa hapa baharini uulize wavuvi wa dagaa. Karabai, na siku hizi taa za LED za betri, zinaelea juu ya maji, dagaa wanapanda wenyewe. Na mvuvi wa dagaa anakwambia usiku wa mbalamwezi hakuna kazi, watu wanapumzika wanashona nyavu, kwa sababu mwezi ukishamwaga mwanga kila mahali karabai yako haina tena cha kuita.

Watu wetu wanajua siku zote kwamba taa ni mtego. Tofauti ni kwamba mvuvi anajua anamtega nani na akishavuta nyavu anazima. Mimi nilikuwa nimetega mtego usiku kucha, kila usiku, na sikuwa na habari ninamnasa nani.

Kwa kasa nako kisa ni kilekile. Mafia, Mnemba, Watamu kule Kenya, na fukwe nyingine za pwani hii yetu, mama kasa anapanda usiku anachimba mchangani anataga mayai mia na zaidi, anarudi baharini. Baada ya kama miezi miwili vitoto vinachomoza, karibu siku zote usiku, na vinatafuta kitu kimoja tu, upande wenye mwanga zaidi chini kwenye upeo. Kwa miaka yote upande huo ulikuwa bahari, maji yanarudisha mwanga wa nyota na mwezi, nyuma kuna miti, giza. Sasa weka hoteli nyuma ya ule ufukwe na taa nyeupe kwenye kila mnazi. Vitoto vinageuka vinapanda nchi kavu. Vinatambaa hadi jua linawakuta, kaa na kunguru wanafanya yao, wengine wanakauka tu. Florida kule Marekani maeneo mengi ya ufukweni yana kanuni kabisa, msimu wa kasa taa za upande wa bahari zinazimwa au zinafunikwa na kubadilishwa kuwa za rangi ya chungwa au nyekundu, ambazo haziwavuti sana.

Kitoto cha kasa ni kidogo kuliko kiganja. Kina nguvu za safari moja. Zikiishia kwenye parking ya hoteli zimeisha.

Lakini giza tumelitoka juzi

Hapa ndipo nilipokwama, na nilikwama kweli.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba kwa kibatari. Anayejua kibatari anajua asubuhi unapenga kamasi nyeusi. Nakumbuka mama akiweka kiganja juu ya mwali wakati wa upepo ili nimalize hesabu, na mkono wake ulikuwa na alama. Umeme ulipofika kwetu watu walicheza ngoma. Sasa niende niseme nini, kwamba taa zimezidi? Kuna vijiji nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zimefika juzi, kuna kina mama wanajifungua kwa tochi ya simu. Unamwambiaje mtu huyo habari za uchafuzi wa mwanga? Hata neno lenyewe, mwanga kuwa uchafu, linagoma mdomoni. Kwa Kiswahili nuru ni jina la mtoto wa kike. Giza ni la wachawi.

Nilikaa na hilo wiki mbili nzima.

Nikakumbuka Unguja. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme wa kutoka Bara ulikatika na haukurudi hadi Machi 2010, kisiwa kizima, miezi mitatu. Mimi nilikuwa kwa shangazi wakati huo, na sitaki mtu aniambie kwamba ilikuwa raha. Maji hayapandi kwenye matangi, samaki wanaoza, hoteli zinaunguruma majenereta, shangazi anabeba ndoo kutoka mtaa wa tatu na magoti yake mabovu. Ilikuwa mateso.

Lakini pia nakumbuka usiku wa kwanza nilipopanda darini kutafuta upepo nikainua uso. Nilishikilia ukuta. Nyota zilikuwa nyingi hadi nikahisi zina uzito, na ule mkanda mweupe unaokatiza anga, ule nilioachana nao utotoni kijijini, ulikuwa pale pale juu ya mapaa ya bati ya Ng'ambo. Shangazi akapanda, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema haya manyota yalikuwepo siku zote au yameletwa na Mungu leo? Hakuwa anatania. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, kaishi mjini maisha yake yote.

Tatizo langu ni kwamba niliyabeba haya mawili kama mzigo mmoja. Kwamba ukitaka taa lazima upoteze nyota, na ukitaka nyota lazima urudi kwenye kibatari na ndoo ya shangazi. Nani kasema?

Maana mama yangu na kile kibatari, alifanya nini? Aliukinga mwanga kwa kiganja ukaenda kwenye daftari. Haukwenda kwa jirani. Haukwenda mbinguni. Taa yangu ya LED nilipoitazama vizuri, sehemu kubwa ya mwanga wake ilikuwa inakwenda mbele na juu, inapita uwanja wangu, inapita ukuta, inamfikia mama wa watu, inaendelea hadi kwenye mawingu. Nalipia umeme wa kuangazia mawingu.

Mwaka 2023 walichapisha matokeo ya hesabu ambayo watu wa kawaida sehemu mbalimbali duniani walikuwa wanatoka nje usiku, wanaangalia nyota zipi wanaziona, wanatuma. Zaidi ya taarifa 51,000 kati ya 2011 na 2022. Anga lilikuwa linazidi kuwa jeupe kwa karibu 9.6% kila mwaka. Maana yake mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifika miaka 18 anaona kama 100. Wengi wa waliotuma walikuwa Ulaya na Marekani, sisi huku hatukutuma sana. Kwenye ramani ya dunia iliyotoka 2016, nchi zilizokuwa na anga safi kuliko zote ni Chad, Afrika ya Kati na Madagascar, na wakati huohuo theluthi moja ya watu duniani hawauoni tena ule mkanda mweupe kutoka nyumbani kwao. Nilipoona Chad pale juu nilijua mtu atasema ni kwa sababu ya umaskini. Ndiyo, kwa sasa ni umaskini. Lakini nguzo zinakuja, bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115, taa zitawaka na inshallah ziwake. Swali ni kama tutazifunga kama fundi wangu alivyoifunga ile ya kwangu.

Mtu pembeni ya ukuta

Mke wangu alinisikiliza yote hayo akaniuliza jambo moja. "Na pampu?"

Sikuwa na jibu. Huwezi kumjibu mtu anayeamka usiku kwa habari za kasa.

Nikasoma na hilo. New York waliweka minara ya taa kwenye makazi ya watu wa kipato cha chini mwaka 2016, uhalifu wa nje wa usiku ukapungua kwa takriban theluthi. Uingereza na Wales watafiti waliangalia halmashauri 62 zilizozima au kupunguza taa za barabarani usiku, matokeo yakatoka 2015, hawakuona uhalifu wala ajali zikiongezeka. Kenya wana zile taa ndefu za mulika mwizi kwenye mitaa kama Kibera, na mama anayeuza mboga hadi usiku atakwambia zimemsaidia, na mimi namwamini. Kwa hiyo taa inasaidia mahali pengine, mahali pengine haibadilishi kitu, ukitaka jibu moja hupati.

Basi nikaamua kujaribu kwangu mwenyewe. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, tunakaa naye. Nikamwambia nenda kasimame popote uwanjani, mimi nitatoka nje ya geti, nitahesabu hadi ishirini nitaingia, niambie kama nakuona.

Nikahesabu. Nikafungua geti. Taa ikanipiga usoni, macho yakajikunja yenyewe. Nikatazama uwanjani, peupe. Kwenye mwembe, hakuna mtu. Kwenye tangi, hakuna. Nikasimama kama dakika nzima.

"Anko, hunioni?"

Alikuwa kasimama wima, hajajificha, mgongo kwenye ukuta wa nyumba, hatua mbili pembeni ya taa, chini yake kidogo. Shati jeupe la shule. Nikainua mkono nikaikinga taa kwa kiganja na papo hapo akatokea, mzima mzima, anacheka.

Kiganja tu. Nikikishusha anapotea, nikikiinua anarudi.

Nikamwita mke wangu aje asimame pale nilipo. Alirudia mara tatu, mkono juu, mkono chini. Hakusema kitu. Akaingia ndani, akatoka na ngazi.

Kopo la rangi

Yaliyofuata yalichukua Jumamosi moja. Taa tuliishusha kutoka kona ya juu ikaja juu kidogo ya mlango wa nyuma, karibu na pampu mpya, tukaiinamisha hadi ikatazama chini moja kwa moja. Nikagundua kwamba ikiangalia chini wati 100 ni kufuru, nikanunua ya wati 20, ya njano, boksi limeandikwa 3000K, na nyingine ndogo ya getini inayowaka mtu akipita tu na kuzima baada ya dakika moja. Hiyo ya getini ndiyo mke wangu anaipenda kuliko zote. Anasema taa inayowaka ghafla inamwambia kuna mtu, ile ya mwanzo ilikuwa haimwambii chochote.

Bado mwanga ulikuwa unachungulia juu ya ukuta. Basi nikachukua kopo tupu la rangi la lita 4, nikalikata kwa mkasi wa bati, fundi wa kuchomelea pale barabarani akaliwekea masikio mawili ya kufungia, nikalipaka rangi nyeusi ndani. Kikawa kama kofia ya taa, kinaufunika mwanga juu na pembeni, unabaki duara chini. Jumla, ukiondoa balbu, ilikuwa chini ya nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo.

Nchi nyingine zimefanya hivihivi kwa sheria. Ufaransa tangu 2013 madirisha ya maduka yanatakiwa yazimwe ifikapo saa saba usiku, niliposoma hiyo saa nilitabasamu, ni saa ileile ya yule jogoo. Namibia, kwenye hifadhi ya NamibRand, walibadilisha taa za kambi zao hadi 2012 wakatambuliwa kimataifa kama hifadhi ya anga la giza, na watalii wanalipa kwenda kulala pale waone nyota. Sisi tuna Ruaha, tuna Katavi, tuna Chole. Natamani sana mtu wa halmashauri au wa utalii alione hili kabla hazijafungwa taa ambazo baadaye itabidi tulipe tena kuzifungua. Taa ya barabarani ikifungwa kichwa kikiwa kimelala sawa, inamulika lami. Ikiinuliwa kidogo tu inamulika dereva machoni na chumba cha mtu ghorofani. Nguzo ni ileile na hela ni ileile.

Kilimia

Nilikwenda kwa mama jirani jioni yake, nikabisha hodi, nikaomba radhi. Nilisema mama nimeona dirisha lako. Akaangalia chini, akasema, "Mwanangu, mliibiwa. Ningesemaje nizimiwe taa?" Akanipa mayai sita kwenye kikapu. Sikutaka kuyapokea, akanitazama jicho la kiutu uzima, nikayapokea. Blanketi halipo tena pale dirishani. Jogoo anawika saa kumi, wakati mwingine saa tisa na nusu, mama anasema hiyo ni tabia yake tangu zamani.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, saa mbili usiku, mimi na mpwa wangu tulitoka uani. Nikamwonyesha upande wa kaskazini, juu, kile kifungu kidogo cha nyota kilichobanana, nikamwambia kile ndicho Kilimia. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alikuwa ameusikia huo msemo darasani kwenye methali, aliandika maana yake kwenye mtihani na akapata, lakini hakuwahi kujua kwamba Kilimia ni kitu unachoweza kukinyooshea kidole. Alihesabu nyota tano. Mimi nilipata nne. Chini yake, upande wa mjini ng'ambo, anga lote lilikuwa limepauka kama maji ya unga, na hapo kwenye weupe hatukuona hata moja.

Akaniuliza, "Anko, na ile nyingine ni ya nani?"

Alikuwa anaonyesha glosari ya kona, wameweka taa nne mpya za kumulika bango, zimefungwa chini zinatazama juu, nusu ya mwanga inapita bango inakwenda zake. Mwenye glosari ni mtu mzuri, tunasalimiana kila siku. Nimeongea naye jana, kaniambia njoo kesho jioni kabla wateja hawajajaa, tuone. Nimeshakata makopo mengine manne, yako hapa mezani nikiandika, rangi haijakauka vizuri.